Thamani ya Motokaa Kuukuu Katika Nchi ya Buhaya

Kila kitu kinachouzwa kina bei, lakini si kila muuzaji ajuaye thamani ya kitu anachokitoa mkononi. Bei hukatwa kwa saa moja baina ya watu wawili. Thamani hukusanyika kwa miaka mingi na kwa mikono ya watu wengi, na pengine mwenye mali ndiye wa mwisho kuitambua. Neno hili ni kweli kwa shamba, kwa nyumba na kwa mnyama. Ni kweli zaidi kwa motokaa kuukuu ambayo haijapata kufanywa upya, kwa sababu sura yake humdanganya mtazamaji. Rangi imepauka, matairi yamelala, kuku wametaga chini ya kiti. Basi huonekana kama taka. Katika vijiji vya Bukoba na Muleba, kutoka Kashozi iliyo kaskazini mwa mji wa Bukoba mpaka Kamachumu upande wa kusini, si ajabu kukuta motokaa ya namna hii juu ya mawe, imefunikwa kwa majani ya migomba. Makala haya yanakusudia kuuliza mambo mawili: motokaa hiyo yasimulia habari gani za nchi, na mtu anayetaka kuiuza aipime kwa mizani ipi kabla ya kupokea fedha.

Yafaa kwanza tukumbuke kuwa chuma si mgeni Buhaya. Mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma yaliyofukuliwa Kemondo na Maruku yaonyesha kuwa watu wa pwani hii ya ziwa walikuwa wahunzi zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Katika miaka ya 1970 mwanachuoni wa Kimarekani, Peter Schmidt, aliwaomba wazee wa Kihaya waliokuwa wakikumbuka kazi hiyo wajenge tanuri tena na kuyeyusha mawe ya chuma mbele yake, nao wakafanya. Habari zake zilitangazwa mwaka wa 1978 na kuwastaajabisha wengi waliodhani kwamba ufundi wa namna hiyo haukuwako Afrika. Jembe la chuma katika nchi hizi za maziwa lilikuwa chombo cha kulimia, na papo hapo lilikuwa mali ya kulipia mahari na ushuru. Mtu aliyepokea jembe alilitazama, akalipima mkononi na kuuliza limetoka kwa mhunzi gani. Kwa hiyo desturi ya kukadiri chuma kwa asili yake, si kwa uzito wake peke yake, ni ya kale mahali hapa. Ingekuwa aibu kama wajukuu wa wahunzi hao wangeuza chuma kwa kilo tu.

Motokaa zilifika Buhaya kwa njia ya maji. Emin Pasha alijenga boma la Wajerumani Bukoba mwaka wa 1890, na mwaka wa 1892 Mapadri Weupe, waliosukumwa na vita vya dini vya Buganda, walianzisha misheni yao Kashozi. Siku hizo mizigo yote ilichukuliwa kichwani au kwa mitumbwi. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwishoni mwa mwaka wa 1901, na meli za moshi kama vile Winifred, Sybil na Clement Hill zilipoanza kupita ziwani, Bukoba ilipata mlango wake wa kutokea duniani. Mlango huo ulitazama Kisumu, Nairobi na Kampala kabla ya kutazama Dar es Salaam. Reli ya kwenda Mwanza haikumalizika mpaka mwaka wa 1928. Jambo hili latakiwa kukumbukwa na mtu anayepima motokaa ya Buhaya. Vyombo vingi vya zamani vya mahali hapa vilinunuliwa kwa mawakala wa Kenya na Uganda, navyo vilitengenezwa kwa spea zilizovushwa Mutukula. Atafutaye asili yake katika daftari za Dar es Salaam peke yake huenda akarudi mikono mitupu.

Kilichowawezesha watu wa nchi kununua motokaa ni kahawa. Mbuni wa Buhaya ulikuwako kabla ya Wazungu; buni ilichemshwa na kukaushwa, ikatafunwa na wageni kwa heshima, na watu walichanjiana udugu kwayo. Chini ya Wajerumani na baadaye Waingereza, mmea huo uligeuka kuwa zao la kuuza. Haukukosa magomvi: mwaka wa 1937 wakulima wa Bukoba walipinga kwa nguvu kanuni za serikali juu ya utunzaji wa mibuni. Baada ya Vita Kuu ya Pili bei ya kahawa duniani ilipanda sana, na mwaka wa 1950 wakulima waliungana katika chama kikuu cha ushirika cha Bukoba. Katika miaka hiyo nyumba za mabati ziliongezeka, watoto wakapelekwa shuleni, na mkulima au mfanyabiashara aliyefanikiwa aliweza kuota ndoto ya lori, basi dogo au motokaa yake mwenyewe. Hivyo motokaa ya miaka ya 1950 iliyobaki Buhaya ni daftari la kahawa. Yaeleza wakati ambapo mkulima Mwafrika alinunua mashine ya kigeni kwa jasho la shamba lake, bila kupewa na bwana.

Katika magari yote ya zama hizo, Land Rover ndiyo inayotajwa zaidi, nayo yafaa kuwa mfano wetu. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma cha pua baada ya vita, basi watengenezaji walitumia bati la alumini kwa sehemu kubwa ya bodi, na chuma kwa chasisi na kwa ukuta unaotenganisha injini na abiria. Mfululizo wa kwanza ulitengenezwa mpaka mwaka wa 1958. Wa pili, pamoja na nyongeza yake, mpaka mwaka wa 1971. Wa tatu mpaka mwaka wa 1985. Peugeot nayo ilipata jina kubwa Afrika ya Mashariki kwa sababu ya mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka wa 1953. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mwaka wa 1966 na tena mwaka wa 1967 kwa Peugeot 404, na tangu hapo wengi waliamini kuwa gari lililostahimili njia za Safari litastahimili pia tope la masika.

Zikafuata siku za dhiki. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka lilivunjwa. Vita vilipoanza, malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kubeba askari na vyakula. Mengine yalirudi yamechakaa, mengine hayakurudi. Baada ya vita fedha za kigeni ziliadimika na spea hazikupatikana. Hapo ndipo fundi wa gereji ya chini ya mti alipokuwa mtu mkubwa. Alichonga bushi kwa chuma cha kitanda, akaunga chasisi kwa reli, akatia injini ya gari moja katika bodi ya gari jingine. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake cha mwaka wa 2021 juu ya motokaa za Tanzania, amewaeleza mafundi wa namna hii kuwa ni waundaji wa elimu yao wenyewe, si waigaji tu. Ilipofika mwaka wa 1984, serikali iliwaruhusu watu kuleta bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na katika miaka iliyofuata magari yaliyotumika ya Kijapani yalimiminika. Ndipo vyombo vya zamani vilipowekwa juu ya mawe.

Sasa tuchukulie kwamba mtu wa Kashozi amerithi Land Rover ya miaka ya 1950, nzima lakini haitembei, naye ana haja ya fedha za karo. Akiitangaza, atajiwa na watu watatu, na kila mmoja atakuja na mizani yake. Wa kwanza ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Yeye hutazama uzito, na kwa kuwa gari hilo lina tani moja na kidogo, na sehemu yake ni alumini ambayo bei yake hupita ya chuma, huweza kutaja kiasi kinachomvutia mwenye shida. Wa pili ni fundi au mfanyabiashara wa spea. Yeye huhesabu viungo: giaboksi, ekseli, kabureta, usukani, taa. Hesabu yake hupita ya yule wa kwanza, lakini gari hutawanyika likawa halipo tena. Wa tatu ni mpenda magari ya kale, ambaye pengine yuko Arusha, Nairobi au Ulaya. Yeye hununua kitu kizima pamoja na habari zake. Bei ya huyu wa tatu yaweza kuwazidi wenzake mara nyingi, lakini haiji mpaka muuzaji aweze kuthibitisha anachosema. Kosa la wauzaji wengi ni kumkubali wa kwanza kwa sababu ndiye aliyefika kwanza.

Uthibitisho waanza na namba. Namba ya chasisi na namba ya injini zisomwe kwenye chuma chenyewe, zisafishwe kwa kitambaa na mafuta laini bila kukwaruzwa kwa msasa, kisha zilinganishwe na kadi ya gari. Zikipatana na kadi, na injini ikiwa ile ile iliyotoka kiwandani, thamani hupanda. Zikipishana, si mwisho wa safari, lakini yapasa kusemwa. Kwa magari ya Kiingereza kama Land Rover, kumbukumbu za kiwanda zimehifadhiwa katika makumbusho ya magari ya Gaydon, Uingereza. Mwenye gari akilipa ada, hupewa hati inayotaja siku gari lilipotengenezwa, rangi yake ya kwanza na wakala aliyepelekewa. Karatasi hiyo moja huweza kugeuza maneno ya mwenye gari kuwa ushahidi.

Kisha hutazamwa mwili. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu wa ziwa haulali. Chasisi hutafunwa kutoka ndani, basi igongwe taratibu kwa nyundo ndogo na kusikilizwa. Mlio mkavu ni wa chuma kizima, mlio wa debe ni wa chuma kilicholiwa. Alumini haipati kutu nyekundu, lakini inapogusana na chuma penye maji huliwa ikawa unga mweupe. Ukuta wa mbele chini ya kioo, na miguu ya milango, ndipo ugonjwa huanza. Injini isiwashwe kwa pupa: iliyolala miaka ishirini yaweza kuharibika kwa mzunguko mmoja wa nguvu. Itiwe mafuta penye plagi, iachwe siku kadhaa, kisha izungushwe kwa mkono. Injini inayozunguka, hata kama haijawaka, ni bora kuliko iliyoshikamana, na tofauti hiyo ni fedha.

Tatu ni nyaraka. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kadi ya zamani, risiti ya wakala, stakabadhi za ushuru, picha ya arusi ambamo gari limeegeshwa nyuma ya maharusi, leseni ya njia ya basi: vyote hivi vina bei kwa sababu havitengenezeki tena. Kashozi ina bahati katika jambo hili. Mapadri Weupe waliagizwa na mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, waandike shajara ya kila kituo, na desturi hiyo ilidumu. Gari lililopata kutumikia misheni laweza kuwa limeachwa katika kurasa za namna hiyo. Familia ambayo haikuandika lolote isikate tamaa. Wazee wangali hai. Maneno yao yaandikwe pamoja na jina, mahali na tarehe, kabla hayajazikwa.

Jambo la nne ndilo linalowashinda wengi, nalo ni kujizuia. Mwenye gari akisikia kuwa lina bei, mara nyingi hukimbilia kulipaka rangi. Kipya kinyemi, kingawa kidonda; lakini rangi mpya juu ya kutu humtia mnunuzi mashaka, nayo hufuta alama alizokuwa akizitafuta. Walimwengu wamekwisha jifunza hili kwa gharama. Mwaka wa 2015 huko Paris ziliuzwa motokaa za mkusanyaji mmoja zilizokuwa zimelala mabandani kwa miaka mingi. Ferrari moja, iliyokutwa chini ya marundo ya magazeti, iliuzwa kwa zaidi ya euro milioni 16 pamoja na vumbi lake. Mwaka wa 2009 Bugatti iliyotupwa mwaka wa 1936 katika ziwa Maggiore kwa sababu ya ushuru usiolipwa ilitolewa majini imeliwa nusu. Mwaka uliofuata ilinunuliwa kwa zaidi ya euro 260,000, na mnunuzi akaionyesha vile vile ilivyo. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, katika Hati ya Turin ya mwaka wa 2012, liliweka kanuni kwamba kuhifadhi kilichopo hutangulia kutengeneza upya, na kila kiungo kipya kijulikane kuwa kipya. Gari huwa la asili mara moja tu.

Lakini mizani hiyo ya Ulaya isipokewe bila kuulizwa. Yadai kwamba gari lenye thamani ni lile lililobaki kama lilivyotoka kiwandani. Kwa mizani hiyo, Land Rover ya Kashozi yenye kiungo kilichochongwa na fundi wa Bukoba wakati wa uhaba huhesabiwa kuwa imepungua. Mimi naona kinyume chake. Kiwanda kilitoa maelfu ya magari yaliyofanana. Ni maungo ya fundi yule yaliyolifanya gari moja kuwa tofauti na mengine yote. Kiungo hicho chaeleza habari za vita, za uhaba na za akili ya mtu asiyeandikwa kitabuni. Joginder Singh alishinda Safari ya mwaka wa 1965 kwa Volvo iliyokwisha endeshwa na wengine kabla yake, wala hakuna anayesema leo kuwa makovu ya njia yaliiharibu heshima yake. Basi muuzaji mwenye busara atafanya mawili kwa pamoja. Atamwambia mnunuzi waziwazi kiungo kipi si cha kiwanda, maana kuficha ni hila. Na atamweleza kiungo hicho kilitengenezwa na nani, lini na kwa nini. Mnunuzi wa Ulaya huenda akapunguza bei kwa la kwanza. Makumbusho ya hapa petu yangepaswa kuiongeza kwa la pili.

Hapa twagusa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka wa 1964 hulinda hasa vitu vilivyofanywa kabla ya mwaka wa 1863, na milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka wa 1940. Motokaa haimo katika hesabu hiyo. Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, imehifadhi magari ya viongozi, mojawapo Rolls-Royce iliyomchukua gavana wa Kiingereza na kisha Mwalimu Nyerere. Gari la mkulima wa kahawa halina mlinzi wa namna hiyo. Hata mila haikulipatia mlinzi. Kibanja cha Mhaya kilikuwa na ukoo nyuma yake, na kukitoa nje ya ukoo kulikuwa jambo zito. Mwaka wa 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alitoa hukumu mashuhuri iliyompa mwanamke wa Kihaya haki ya kuuza ardhi aliyorithi kama mwanamume awezavyo. Watu walibishana juu ya hukumu hiyo kwa sababu walijua ardhi ni nini. Motokaa ya marehemu huuzwa jioni moja, na wajukuu huuliza baadaye limekwenda wapi. Ili kuepuka fitina, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama awape warithi wote, wanaume na wanawake, makadirio yaliyoandikwa, kisha ndipo mnunuzi atafutwe.

Makadirio hayo si kazi ya uganga. Tafuta bei ambazo magari ya namna ile ile, yenye hali ile ile, yameuzwa kweli. Bei iliyotakwa si bei iliyolipwa. Toa gharama ya viungo vilivyopotea. Toa gharama ya kulichukua gari, kwa maana kutoka Bukoba mpaka bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300, na mnunuzi wa mbali ataitoa hata kama wewe hukuitoa. Ongeza thamani ya nyaraka na ya namba zinazopatana. Kinachobaki kiandikwe kama mpaka wa chini na mpaka wa juu, si kama namba moja, na mpaka wa chini usishuke kamwe chini ya jumla ya spea zake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kizuri kisichojulikana hukaa juu ya mawe mpaka kikawa kibaya.

Wanafunzi wa historia wana deni katika jambo hili. Twazoea kuitafuta historia ya Buhaya katika shajara za misheni, katika barua za maboma na katika masimulizi ya wafalme. Yatupasa pia kuitafuta katika banda la nyuma, penye chuma chenye kutu na namba inayosomeka nusu. Anayekwenda Kashozi na daftari, akaandika namba hizo na majina ya mafundi, atamsaidia mjane kupata bei ya haki. Hata gari likiuzwa na kwenda mbali, habari zake zitabaki nchini. Kumzuia mwenye haja asiuze mali yake hatuwezi, wala si haki. Twaweza kumfanya ajue anauza nini.